Kwa nini baa ndogo tunaiita grosari?

Stuli Ndefu: Wadau, hili neno limetoka wapi? Waingereza grosari yao ni ya mchele na sukari. Bongo ukisema "nipo grosari" hakuna anayekuuliza bei ya sukari. Na msinichanganyie na kilabu cha pombe za kienyeji, kule kwenye uji uliochacha.

Fundi Saa: Leseni hiyo, mkuu. Sheria ya Vileo ya 1968 inatenganisha bia ya kunywea papo hapo na ya kuondoka nayo. Nionavyo mimi, mwenye duka alikuwa na leseni ya kuondoka nayo, mteja akaanza kufungulia kaunta, kesho yake kapewa kreti akalie. Mchele ukaisha, jina likabaki.

Binti Rombo: Uji uliochacha ndiyo nini? Mbege, pombe yetu Wachaga, ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchujwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ada yangu ya shule imetoka humo.

Stuli Ndefu: Dada, nani kataja mbege? Nilikuwa nawaza komoni, ile pombe ya mahindi ya Mbeya. Ila kwa kuwa umejileta, yale magome mnatia ya nini?

Binti Rombo: Msesewe, kwa ajili ya uchungu. Hata hiyo chupa yako ya bia ina hopsi, maua ya kutia uchungu, sema hujawahi kusoma lebo.

Mwana Mbeya: Ngoja kwanza. Komoni imekukosea nini?

Jirani wa Thika: Huku Kenya nikisema naenda grosari natumwa sukuma wiki na nyanya. Hiyo yenu iliundwa na waume wa kuhepa.

Mwana Mbeya: Wewe unayepimiwa chang'aa kwa mama pima nyamaza. Stuli, nakusubiri.

Fundi Saa: Jamani, swali lilikuwa neno. Hata hicho kilabu mnachokidharau ni klabu ya wakoloni, walikojifungia na wiski zao Mwafrika akiingia kama mhudumu tu. Sisi tukalipachika jina banda la makuti. Hapo ndipo pa kujadili.

Stuli Ndefu: Mwana Mbeya, sikusema komoni ni mbaya. Nimesema inatapisha.

Mwana Mbeya: Inatapisha anayeinywa kama soda! Ile ni ya kukaa na wenzio, kopo linazunguka.

Kata Mbili: Tuyaache hayo. Binti Rombo, mbege ya kwenu na ya Marangu ipi kali?

Binti Rombo: Marangu wanajua kupika mbege tangu lini?

Mmarangu Halisi: Rudia.