Kikaratasi kimeandika IMC 31.6, obezite (unene kupita kiasi). Je, mimi ni mgonjwa?

MamaPanzi

Jambo kwenu nyote. Nina miaka 41, watoto wanne, nauza vitenge soko la Kadutu hapa Bukavu. Juma lililopita kanisani kwetu kulikuwa na upimaji wa bure. Mimi nilienda kwa ajili ya macho tu. Kabla ya macho wakanipandisha kwenye mizani: kilo 79. Kijana akaniuliza, "Mama, urefu?" Nikamwambia sijui, kwenye kadi yangu ya zamani wameandika 1.58. Akabonyeza simu, akanipa kikaratasi: IMC 31.6, obezite. Akaita anayefuata.

Hakunieleza neno. Siku ya sita sasa hicho kikaratasi kiko ndani ya pochi, nakitoa nikikosa wateja, nakisoma, nakirudisha. Kimekunjwa mpaka kimeanza kukatika katikati.

Mimi sisikii maumivu yoyote. Naamka saa kumi na moja, napanda Kadutu na furushi kichwani. Mama yangu mzazi alikuwa mwembamba maisha yake yote, na ugonjwa wa sukari ndio uliomwondoa. Shemeji yangu anabeba magunia bandarini, kilo 84, urefu 1.70. Mdogo wangu alipompigia hesabu ikatoka 29, eti naye uzito umezidi. Mtu ambaye tumbo lake ukilipiga ngumi unaumia wewe!

Sasa hii namba inasema nini hasa? Nianze kujinyima chakula? Mume wangu amecheka tu, amesema nikikonda watu wa kartie (mtaa) watadai hanilishi, au watasema lile neno lingine mnalolijua. Nisaidieni.

Kaka_Bagira

Mama, kitupe hicho kikaratasi. Mwanamke wa kwetu ni mwili. Hizo hesabu ni za watu wanaokula majani.

ShogaWaTanga

Pole dada. Hiyo IMC huku Tanzania tunaiita BMI, kitu ni kilekile. Mimi niliambiwa 33, nikalia ndani ya daladala mpaka konda akakataa nauli yangu. Usimsikilize huyo kaka, ila usikae na hofu peke yako pia. Ngoja wataalamu wa afya waje.

Muuguzi_Kadutu

Mama, mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, mwaka wa 14 huu, kwa hiyo univumilie nitaandika marefu.

Nianze na kilichoniudhi. Urefu haukupimwa, uliulizwa! IMC ni kilo zako ukigawa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu wenyewe. Wako: 1.58 mara 1.58 ni 2.496. Chukua 79, gawa kwa hiyo, unapata 31.6. Hesabu ya kijana ni sawa. Lakini kwa kuwa urefu unazidishwa kwa urefu wenyewe, sentimita 4 au 5 za uongo zinaharibu jibu lote. Na hizo kilo 79, ulikuwa umevaa nini? Kama ni vitenge viwili, viatu na pochi begani, tulipima na soko pia. Kesho asubuhi kabla ya chai, simama ukutani bila viatu, visigino vigusane na ukuta, utazame mbele. Mtu mwingine aweke kitabu kigumu juu ya kichwa, alama ya kalamu, kisha mita ya seremala. Mkono wa kujipima mwenyewe huwa unadanganya.

Madaraja ya OMS (WHO, Shirika la Afya Duniani) kwa watu wazima ni haya: chini ya 18.5 uzito ni mdogo mno, hadi 24.9 ni kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, 30 kwenda juu ndiyo hiyo obezite. Ukitoka 29.9 ukaingia 30 hakuna kitu kinachokatika mwilini usiku huo. Ni mistari iliyochorwa kwa sababu, tukihesabu watu wengi pamoja, presha, sukari na magonjwa ya moyo huongezeka kadiri namba inavyopanda. Kwa halaiki inasema kweli. Kwa mtu mmoja mmoja inakisia.

Mizani haijui imebeba nini. Kilo moja ya msuli na kilo moja ya mafuta zinasomeka sawasawa. Shemeji yako amejengeka kwa magunia, 29 yake isikusumbue (ila akiacha kazi na aendelee kula vile vile, tuongee tena). Wanaosukuma chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo) kule Goma ni hivyo hivyo. Na mama yako, Mungu amrehemu, ni upande wa pili wa jambo hilo: mtu anaweza kuwa na 21 na sukari ikamla kimyakimya, kwa damu ya ukoo au kwa mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo huku mikono na miguu ikiwa myembamba. Kwa hiyo wewe, mtoto wa mama mwenye sukari, ungepaswa kupimwa sukari hata kama ungekuwa mwembamba kama fimbo. Hilo ndilo lililonishtua kwenye maneno yako kuliko hiyo 31.6.

Mafuta ya mapajani na makalioni hayana ukorofi sana. Yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayoharibu. Kwa hiyo pima kiuno. Siyo pale unapofunga kitenge! Tafuta mbavu ya mwisho, tafuta mfupa wa nyonga, mkanda upite katikati yake, utoe pumzi bila kuvuta tumbo. Kwa wanawake hatari inaanza kupanda baada ya sentimita 80 na inakuwa kubwa baada ya 88. Kwa wanaume ni 94 na 102. Kuna na njia ya kijijini isiyohitaji jedwali: kamba ya urefu wako ikunje katikati ibaki nusu, ikishindwa kuzunguka kiuno, tumbo limezidi.

Rudi na namba.

Mwalimu_wa_Lushi

Muuguzi amemaliza kazi, mimi nawaletea historia kidogo kutoka Lubumbashi. Hiyo hesabu aliitunga Mubelgiji! Adolphe Quetelet, mzaliwa wa Ghent, 1796. Hakuwa muganga (daktari), alikuwa mtu wa nyota na takwimu. Alitaka kujua mtu wa wastani akoje, akagundua kwamba kwa watu wazima uzito unakwenda na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hiyo ilikuwa miaka ya 1830. Hakuwa anatafuta mgonjwa hata mmoja. Amekufa 1874, miaka 11 kabla mfalme wao Leopold II hajaifanya Kongo mali yake, kwa hiyo mama wa Kadutu hakuwa kwenye daftari lake. Jina hili la leo, IMC, lilitoka kwa Mmarekani Ancel Keys, 1972, naye alipima wanaume tu.

Waasia wameshaangaliwa peke yao: 2004 wataalamu wa OMS walipendekeza kwao tahadhari ianze kwenye 23, maana sukari inawashika mapema. Sisi bado tunatumia mistari ya wote. Kaka_Bagira kwa hiyo ana robo ya ukweli. Robo tu.

Urembo_Nyawera

Mama ninayo chai ya kuondoa tumbo, siku 14 tu, matokeo ya uhakika, dola 15. Njoo inbox.

Muuguzi_Kadutu

Chai nyingi za namna hiyo zina dawa inayoharisha. Mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, mafuta yamebaki palepale. Nimewahi kumwekea mtu seramu (dripu) kwa ajili ya chai ya namna hiyo. Weka dola zako.

BabaWaWawili

Samahani kuingilia. Kwa huo moto nami nimempimia kijana wangu wa miaka 9, imetoka 15. Amekonda?

Muuguzi_Kadutu

Hapana baba! Hayo madaraja ni ya watu wazima. Mtoto anasomwa kwa umri na jinsia, na 15 kwa miaka 9 kwa kawaida ni sawa. Kwa wadogo wa miezi sita hadi miaka mitano tunatumia ule utepe wa rangi wa kwenye mkono: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, anapelekwa kutibiwa. Na wa Kivu tunajua bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba. Mtoto amevimba miguu na mashavu, mizani inasema ana kilo, kumbe ni maji, mwili umekwisha. Huyo mizani inamsifu akiwa hatarini. Mjamzito naye asijipimie IMC ya tumbo la miezi saba.

MamaPanzi

Nimerudi. Mume wangu alichukua mita ya fundi anayetutengenezea mlango, kitabu cha nyimbo juu ya kichwa changu, watoto wote wanne wamepanga mstari kama kwenye sinema. Urefu: 1.63! Nilirudia mara tatu. Hiyo kadi sijui walinipima nikiwa nimekaa. Mizani ya jirani, asubuhi, kitenge kimoja, bila viatu: 76.5.

Kijana wangu wa sekondari amegawa: 28.8. Kumbe si obezite. Nilicheza pale uani, wamecheka wote.

Halafu nikapima kiuno. 96. Nimekunja na kamba, ncha hazikukutana, zimeacha nafasi ya vidole, tena vingi. Kimya.

ShogaWaTanga

Dada umenichekesha na kunihuzunisha ndani ya dakika moja.

Muuguzi_Kadutu

Asante kwa kusema kweli. Unaona sasa? Karatasi ya kwanza ilikukosea kwa urefu, ikakutisha. Namba ya pili ingeweza kukubembeleza ulale, kumbe kiuno kinasema jambo la tatu. Nusu ya urefu wako ni 81.5, wewe uko 96. Sitakuambia unaumwa, sijakupima. Nakuambia usiishie kwenye mizani. Njoo kituoni, au nenda kilicho karibu nawe, bila kunywa chai, wakupime sukari na tansio (presha).

Na tansio usipimwe ukiwa unahema kutoka kwenye mteremko. Kaa dakika 5, miguu chini, mkono mezani, usiongee. Mkono wako ukiwa mnene waombe mkanda mpana, mkanda mdogo unapandisha namba ya uongo. Ni kama ule urefu wako tu.

Kaka_Bagira

Nimesoma yote. Nafuta ile ya majani. Muuguzi, sisi wanaume kumbe ni 94?

Muuguzi_Kadutu

94, kaka. Bia ya Primus haihesabiwi kama maji.

MamaPanzi

Wapendwa, nimeenda. Sukari asubuhi: 98. Muganga amesema ni nzuri, ila kwa sababu ya mama yangu nirudie kila mwaka. Tansio ndiyo iliyokataa. Mara ya kwanza 15 kwa 9 (yaani 150 kwa 90), akanikalisha, akabadili mkanda, 14 na nusu kwa 9. Nimeambiwa nirudi siku nyingine mbili kabla ya kuamua mambo ya dawa, maana siku moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha. Nimempenda kwa hilo.

Aliniuliza nakula nini, siyo kiasi gani. Nikamwambia bugali (ugali), sombe (majani ya muhogo), sambaza (dagaa wa ziwani), mara mbili kwa juma makayabo, yaani samaki wa chumvi. Chai vijiko vinne vya sukari, asubuhi na jioni. Aliposikia makayabo akaweka kalamu chini. Chumvi yote ya siku, amesema, isipite kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyoko ndani ya samaki na vile vidude vya mraba tunavyokolezea mboga. Mimi kwenye sombe peke yake natia viwili, na chumvi juu. Mawese namwaga bila kupima, mkono tu.

Hajaniambia nikonde mpaka niwe msichana. Amesema kilo 4 zikitoka polepole, tansio inaweza kushuka bila mimi kubadili saizi ya nguo sana. Kwa hiyo sukari ya chai sasa ni kijiko kimoja na nusu, bugali nimepunguza ngumi moja, lenga-lenga (mchicha) nimeongeza. Jioni nashuka moto (pikipiki) pale Essence, namalizia kwa miguu hadi Panzi. Siku ya kwanza mama mmoja anayeniuzia mkaa alinihurumia, akaniuliza kama biashara imeanguka.

Mwalimu_wa_Lushi

Na bwana wako aliyecheka, bado anacheka?

MamaPanzi

Huyo! Jana jioni nilimshika na mkanda uleule kabla hajavaa shati. IMC yake ni 26 na kitu, alikuwa anajisifu. Kiuno: 104. Amepima mwenyewe tena, amevuta tumbo, watoto wamemkatalia, wamempima mara ya tatu. 104. Sasa hivi niko jikoni, yuko mlangoni ananiuliza hiyo sombe nimetia kidude kimoja au viwili.