Mchoro wa nganya: ni sanaa, au ufutwe?

Ndugu zangu, naomba tulijadili bila matusi hili la michoro ya nganya, yaani matatu zilizorembwa kwa rangi na picha. Kila serikali inapotaka kuonyesha kwamba imekaza kamba kwa matatu, michoro haikosi kuguswa. Sheria za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 tulipata mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na hapo nashukuru. Lakini zilikuja pia na ule mstari wa manjano, picha zikafunikwa rangi, na wachoraji wakakosa kazi. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi, ila mpaka leo wapo wanaoiita uchafu.

Mimi nasema ni sanaa, na iachwe.

Mwaka jana nilikaa alasiri nzima kwenye gereji nikitazama gari la Rongai likichorwa. Vioo vimefunikwa magazeti, kijana amejifunga kitambaa puani, anachora uso wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Rasta alizipuliza moja moja: nyeusi kwanza, angoje ikauke, kisha kahawia juu yake. Jicho la kushoto alilifuta mara tatu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Bado halinitazami." Kesho yake uso ule ulikuwa barabarani, ukitazamwa na mama mboga, watoto wa shule, na askari mwenyewe wa trafiki, wala hakuna aliyelipa kiingilio.

Kuna wanaosema sanaa ya kweli ni ile ya kwenye kumbi za maonyesho. Je, mmesahau ya Venice? Mwaka 2015 banda la Kenya kwenye Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo wa Italia, lilipangiwa wasanii wengi kutoka China. Wasanii wetu walipiga kelele hadi serikali ikajitoa. Ukumbi kuwa mkubwa si hakikisho kwamba aliyening'inizwa humo ndiye msanii wetu.

Kwenye michoro inayofunika vioo nakubaliana na wanaolalamika. Mimi ni mwanamke na napanda gari usiku. Nataka aliye nje anione, nami nimwone. Vioo viachwe wazi, na picha za kudhalilisha wanawake zitoke. Bodi iliyobaki ni ya mchoraji.

Kinachoniuma zaidi ni jina. Jina la Kimathi lilikuwa juu ya mchoro, la mwenye gari liko kwenye stakabadhi, la kijana yule halikuandikwa popote. Wenye kumbi, mkitaka mlango wa nganya ukutani kwenu, uleteni, lakini mlipeni aliyeuchora na jina lake mliandike kando. Na ninyi wenye matatu, nafasi ya kiganja kimoja karibu na mlango inatosha. Ni nani kati yenu ameshamwachia mchoraji wake nafasi hiyo?