Ratiba ya wageni wazungumzaji na shughuli za klabu, Septemba hadi Desemba: nikosoeni

MwanaTudor
Hamjambo waungwana. Nimekabidhiwa ratiba ya klabu yetu ya huduma kwa jamii hapa kisiwani Mombasa. Tuko wanachama 35, tunakutana kila Jumanne saa 12:15 jioni, mgeni anasimama kuzungumza saa 12:30. Natakiwa nitoe ratiba ya kuanzia 1 Septemba hadi 15 Desemba 2026: mgeni kila wiki, usafi wa ufuo mara moja, na siku moja ya kuchangia damu.

Matatizo ya sasa: mgeni anakuta nusu ya viti vitupu. Wengine wanakubali vizuri, halafu siku mbili kabla wanaghairi. Anayekuja anazungumza dakika 45 na maswali hayapati nafasi. Usafi wa ufuo kamati imependekeza Jumamosi 19 Septemba saa nne asubuhi, kwa kuwa Jumamosi ya tatu ya Septemba ndiyo siku ya usafi wa pwani duniani. Damu bado haina tarehe. Vitafunio tunatoa mwisho. Naomba mnikosoe kabla sijaipeleka kamatini.

bi_katibu
Anza na saa, ndugu yangu, kabla hujawagusa wageni. Septemba mpaka Novemba jua la Mombasa linatua baina ya saa 12:10 na 12:20 jioni. Yaani mnafungua mkutano adhana ya magharibi ikiwa hewani. Nusu ya ukumbi iko msikitini, na wasioswali wameshajua kwamba hamuanzi kwa wakati, basi wanajichelewesha. Fungua saa moja kasorobo. Desemba jua linasogea kama saa 12:25, bado nafasi ipo. Isha itaingia mkiwa ndani, lakini wakati wake ni mpana, watu wataswali wakitoka saa 1:45.

Kwenye mwaliko andika saa kwa njia mbili: "saa moja kasorobo jioni (18:45)". Ukiandika "6:45" peke yake, huyu ataisoma saa kumi na mbili na dakika 45, yule saa sita na dakika 45 mchana, na wote wawili watakuwa na haki.

Kalenda sasa. Jumanne ziko 16. Tarehe 20 Oktoba ni sikukuu ya Mashujaa, ondoa, zinabaki 15. Tarehe 1 Desemba ni Jumanne na ndiyo Siku ya Ukimwi Duniani. Utashawishika kumwita mtu wa afya siku hiyohiyo, na hapo ndipo utakapoachwa mataani, maana siku ile wote wanatakiwa kwenye hafla za serikali. Mwite 24 Novemba. Siku ya Polio, 24 Oktoba, ni Jumamosi, mgeni wake aje 27. Siku ya Kisukari, 14 Novemba, nayo ni Jumamosi, basi 10 Novemba mwiteni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Mwombeni aje na ule uzi wa nailoni wa kupimia nyayo, unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Anaugusisha chini ya kidole gumba cha mguu, mtu kafumba macho, anasema kama amehisi. Asiyehisi ndiye anayepata kidonda bila kujua. Dakika tatu za uzi huo zinafundisha kuliko slaidi 30.

Na usizijaze zote 15. Wageni 10 wanatosha. Jumanne tatu ziwe za mambo ya ndani, hesabu na mipango, na mbili za mwanachama kueleza kazi anayoifanya: wakala wa forodha, fundi wa majokofu, mwalimu, yeyote. Hao wawili wawe tayari tangu Septemba. Mgeni akighairi, mmoja wao anasimama.

Nahodha_Mtongwe
19 Septemba mtaokota taka mkiwa mmelowa magotini. Mwezi mpya ni 11 Septemba, kwa hiyo 18 na 19 mwezi uko nusu, ni maji mafu, yasiyokupwa sana. Kwetu hapa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, hukupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Hesabu siku saba toka bamvua utakuta saa nne asubuhi maji yamejaa. Jumamosi inayofuata, 26 Septemba, mwezi ni mpevu, bamvua, na maji yanakupwa karibu na saa nne. Pelekeni huko. Mkichelewa wiki moja hakuna atakayewadai. Dakika kamili zitazameni kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari.

Watu wafike saa mbili na nusu, kazi saa tatu mpaka saa tano. Ikifika saa tano na nusu magunia yote yawe yamepanda barabarani. Kosa linalorudiwa fukwe zote, Nyali, Bamburi, Shelly, ni kuyapanga magunia kwenye mchanga mkavu yakingoja lori la jioni. Mchanga ule ni mkavu pale saa nne asubuhi tu. Bamvua ya saa kumi inapanda mpaka kwenye mizizi ya mivinje na kuzirudisha taka zote baharini, safari hii zikiwa zimefungwa vizuri. Ukitaka kujua mwisho wa maji tazama ule mstari wa mwani mkavu na vijiti. Gunia likae juu yake, si chini. Na lori liandikiwe saa tano, dereva apigiwe saa tatu.

Kwa watu 40 fanyeni vikundi vinane vya watano: wawili wanaokota, mmoja anashika gunia, mmoja anachambua, mmoja anaandika. Magunia matupu ya kilo 50, kama 50 hivi. Glavu nene za kazi jozi 45, zile nyembamba za hospitali hazifai, kioo kinapita. Madebe mawili magumu yenye vifuniko kwa sindano na vioo. Mizani ya kuning'iniza, na kila gunia lipimwe kabla halijapakiwa, kwa sababu mwakani mkienda kaunti kuomba lori wataulizia kilo.

Mwani uacheni palepale. Umeletwa na kusi, na ndio unaoshika mchanga usiliwe na mawimbi. Maji ya kunywa yaje kwa mitungi ya lita 20, kila mtu na kikombe chake. Tangu 5 Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi ufuoni, na katoni za chupa kwenye usafi wa ufuo ni kichekesho.

Barua: OCS wa eneo, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apate taarifa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ndivyo sheria ya mikutano ya hadhara inavyotaka. Nyingine kwa kikundi cha wavuvi cha ufuo huo, ya tatu kaunti, na kama mko ndani ya hifadhi ya bahari waandikieni KWS, shirika la wanyamapori, pia.

maalim_spika
Nahodha kamaliza ya baharini, mimi nirudi ukumbini.

Mgeni anayezungumza dakika 45 hana kosa. Aliandikiwa "karibu utuzungumzie maendeleo ya bandari", akafanya alivyoagizwa. Barua iwe na swali moja, na swali liwe dogo. Kwa mtu wa bandari: "Kontena likishushwa Kilindini, linapita mikono mingapi kabla halijatoka getini, na mkono upi unachelewesha?" Kwa mtafiti wa taasisi ya bahari pale Mkomani, KMFRI: "Kwa nini miche mingi ya mikoko inayopandwa na vikundi hufa mapema?" Hili ni la kwenu hasa, maana klabu nyingi hupenda kupanda miche na kupiga picha. Jibu mara nyingi ni kwamba mche umepandwa chini mno kwenye tope, maji hayaupi nafasi ya kupumua, au umepandwa mkoko mahali pa mchu, ambao ni aina nyingine ya mti wa jamii hiyo. Kwa mtu wa makumbusho: "Ukuta wa bahari uliojengwa chini ya Fort Jesus umezuia nini, na nini haukuzuia?" Mwenye swali dogo hana njia ya kufika dakika 45.

Kughairi kunatoka kwenye anwani. Mtumishi wa umma ukimwandikia yeye binafsi anakubali kwa moyo mweupe, halafu ofisi inampangia safari siku hiyohiyo kwa sababu haina habari. Barua iende kwa mkuu wa taasisi, nakala kwa unayemtaka, wiki sita kabla. Wiki mbili kabla piga simu, chukua jina, cheo na mistari mitano ya utangulizi. Ijumaa omba slaidi. Jumatatu asubuhi tuma ujumbe wenye mahali, saa na nambari ya mtu atakayempokea mlangoni. Asipojibu hadi saa nane mchana, mwambie mwanachama wa akiba ajitayarishe.

Njia nayo uiangalie. Jioni foleni ya magari inatoka kisiwani kwenda Nyali na kwenye feri ya Likoni. Mgeni wa Nyali anakuja dhidi ya foleni, huyo hana shida. Wa Diani mwenye gari mwelekeze barabara ya Dongo Kundu, wala usimwachie feri iamue.

Siku yenyewe: dakika 20 za mgeni, 15 za maswali. Mshika saa akae mstari wa mbele na kadi tatu, kijani zikibaki dakika 5, manjano zikibaki 2, nyekundu zimekwisha. Mgeni aonyeshwe kadi kabla hajasimama, la sivyo ataona ufidhuli. Slaidi ziwe PDF, ndani ya kompyuta ya klabu. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la HDMI, kwa hiyo kigeuzi cha USB-C kikae kwenye mkoba wa katibu muda wote. Feni za darini zikizunguka kasi ya mwisho zinameza sauti. Punguza mpaka namba mbili mgeni akianza, na spika zikae mbele yake, zisiwe nyuma, au zitapiga mluzi.

Bahasha usitoe. Watumishi wa umma wana sheria ya mgongano wa maslahi ya 2025 inayowabana kwenye zawadi, na bahasha inamtia mtu mashakani bure. Boksi la halua linatosha.

Jingine: uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027. Kuanzia sasa jukwaa lenu litatafutwa. Mwenye cheo aje kwa swali la ofisi yake, na barua iseme wazi kwamba mgombea hazungumzi, wala hatambulishwi akiwa ameketi na watu. Hapo pa kutambulishwa ndipo panapopenywa.

tone_moja
Kwa damu nachagua Jumamosi 28 Novemba. Wachangiaji wengi Kenya ni wanafunzi, na shule zikifunga damu inapungua. Tarehe hiyo mnaziba pengo lenyewe. Mkifanya Septemba shule ziko wazi, mnashindania wafanyakazi wa kituo cha damu na shule.

Hesabu yake ni ya vitanda, si ya watu. Kutoa chupa ya mililita 450 ni kama dakika 10, ukiongeza kulala, kufunga na kubadilisha mtu kitanda kinachukua watu watatu kwa saa. Vitanda vinne kwa saa tano ni watu 60, si 200 mnaoandika kwenye bango. Tangazeni kwa watu 90, kwa sababu wapo watakaorudishwa mezani: chini ya miaka 16 au juu ya 65, chini ya kilo 50, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 12.5 kwa desilita, mjamzito, anayenyonyesha, au aliyechangia karibuni. Mwanamume angoje miezi mitatu, mwanamke minne. Hayo yaandikeni kwenye bango lenyewe, yanapunguza foleni kwenye meza ya kwanza.

Novemba ni joto. Ukumbi wenye kiyoyozi au feni nzuri, hema la turubai hapana, watu wanaanguka. Kila mtu ale asubuhi, anywe nusu lita ya maji kabla. Akishatoa akae dakika 15 na soda na biskuti. Wanaoanguka mara nyingi ni wale waliojiona wazima wakasimama mara moja, na mahali pao pa kuangukia ni ngazini, basi mtu mmoja akae ngazini.

MwanaTudor
Nimewaelewa, Mungu awalipe. Nimehamisha ufuo 26 Septemba, damu 28 Novemba, na mkutano saa moja kasorobo. Vitafunio vipi? Mwisho vile vile?

bi_katibu
Kwanza. Saa 12:25 mpaka 12:45, watu wanatoka magharibi moja kwa moja kwenye kahawa. Chakula kikiwa mwisho, mwenye njaa anatazama mlango na mwenye haraka anaondoka kabla ya shukrani. Watu 40: sambusa 80, kahawa chungu madele mawili, halua kilo mbili, tende. Viazi karai usiweke, mikono inabaki na ukwaju na karatasi zote zinachafuka.

maalim_spika
Hapo sikubaliani na Bi Katibu. Vikombe vinaendelea kulia mpaka dakika ya kumi ya mgeni, na anayechelewa anaanza na sahani wakati mgeni anajibu swali. Kahawa na tende kabla, sambusa baada. Viazi karai viwepo, hii ni Mombasa.

Nahodha_Mtongwe
Jambo moja kabla hujachapa bango la ufuo. Jedwali la maji linaandikwa kwa saa 24. Ukiona 09:50 ni saa 3:50 asubuhi. Ukiinakili "saa 9:50" kama ilivyo, watu watakuja alasiri na gunia mkononi, maji yakikaribia mivinje. Na kama unatumia programu ya simu badala ya jedwali, tazama kwanza kama imewekwa saa za Afrika Mashariki; ikiwa kwenye saa za GMT, ongeza saa tatu.