Mrejesho: mipira kukwamana ndani ya roboti yetu
Wakuu, niliuliza kwa nini mipira miwili ikifuatana inagoma kupanda kwenye njia ya ndani ya roboti yetu ya mashindano, sasa inapanda freshi! Aliyesema mkanda unaopandisha mipira ukiwa upande mmoja tu wa njia hiyo, mipira yote inazunguka uelekeo mmoja, kwa hiyo pale inapogusana inasuguana, alilenga penyewe. Tumeweka mikanda pande zote mbili, kasi sawa, mpira unapanda bila kujizungusha, nafasi katikati ni ndogo kidogo kuliko kipenyo cha mpira ila msibane sana, mota inalemewa na kuchemka. Na rola ya mdomoni (silinda inayovuta mpira uingie) lazima izunguke haraka kuliko mwendo wa roboti, la sivyo inausukuma mpira mbele badala ya kuumeza. Imebaki sensa (kifaa cha kuhisi) tu. Asanteni mno.