Mama ana saratani, watoto wameambiwa ni vidonda vya tumbo

MamaMdogo: Habari wadau. Dada yangu amegundulika na saratani ya titi, wiki ijayo anaanza kemo (dawa kali za kuua saratani) hospitali ya Ocean Road. Binti yake ana miaka 16, yuko kidato cha nne. Wa kiume ana 13. Wameambiwa ni vidonda vya tumbo. Tuwaambie, au tusubiri mtihani upite?

Mnasihi: Pole sana, dada. Msisubiri. Kwa dawa nyingi za titi nywele hunyonyoka wiki ya pili au ya tatu, na vidonda vya tumbo havinyonyoi nywele. Mama mwenyewe aseme, wote wawili wakiwepo, Jumamosi asubuhi ili wabaki na siku nzima ya kuuliza. Alitaje jina: saratani. Aseme iko wapi, atatibiwaje, na nani atapika siku akilala. Aongeze kwamba haiambukizi na hakuna aliyeisababisha. Watoto wengi hujilaumu kimyakimya kwa utundu wao. Wakiuliza "Mama, utakufa?" asiahidi. "Natibiwa, daktari akisema jipya nitawaambia" inatosha. Wa kiume akiomba kwenda mpirani, mwacheni. Si kwamba hajali.

NesiWaZamu: Naongezea ya nyumbani. Dozi nyingi huja kila baada ya siku 21. Ziandikeni kwenye kalenda ya ukutani. Akipewa ile dawa nyekundu, doksorubisini, mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Waambieni mapema, wasidhani ni damu. Matapishi na mkojo wa saa 48 za kwanza vishikwe kwa glavu, na mtu mzima. Vikombe havina haja ya kutengwa. Nunueni kipimajoto. Kinga hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na joto likifika 38 ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Msianze na panadol, inaficha homa. Binti aweza kupima na kupiga simu. Uuguzi wote msimtwishe yeye kwa kuwa ni wa kike!

MamaMdogo: Ahsanteni. Binti akiuliza kama naye ataugua?

Mnasihi: Saratani nyingi za titi si za kurithi, za kurithi ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Kama mama ana umri mdogo, au kuna ndugu wengine waliougua titi au ovari, muulizeni daktari wake. Kwa miaka 16 hahitaji kipimo chochote sasa. Na mwalimu wa darasa aambiwe, ila binti achague nani mwingine ajue.