Naomba ushauri: uthibitisho wa "mti" kwenye nadharia ya grafu

Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora, nasoma hisabati mwaka wa pili, na hili swali limeninyima usingizi.

Mwanzo nilielewa vizuri: mti ni mchoro wa nukta na mistari, ulioungana wote na usio na mzunguko. Nilichora reli yetu daftarini: Dar, Tabora, Mwanza, Kaliua, Mpanda, Kigoma. Nukta 6, mistari 5. Tabora inagusa mitatu, Kaliua mitatu, zilizobaki mmoja mmoja. Jumla 10, yaani mara mbili ya mistari. Hata hoja ya mwanahisabati Euler ya 1736 kuhusu madaraja 7 ya Königsberg niliiona hapohapo: kwenye mchoro wangu nukta zote 6 zinagusa idadi witiri ya mistari, na nukta za hivyo zikizidi mbili huwezi kupita kila mstari mara moja tu.

Nimekwama kuthibitisha kwamba mti wa nukta n una mistari n−1. Nilichukua mti wa nukta n, nikaongeza nukta moja na mstari wake. Mwalimu akakata kwa wino mwekundu: "Umejuaje kila mti hupatikana hivyo?" Anataka nianze na mti mkubwa, niondoe nukta ya pembeni. Sasa, nitahakikishaje nukta yenye mstari mmoja ipo daima? Nimefikiria kuchukua njia ndefu kuliko zote na kuikagua ncha yake. Inatosha, au kuna pengo? Nisaidieni, mtihani ni Jumatatu.