Nataka kusaidia wakati wa maafa nikiwa bado chuoni, nianzie wapi?

Mtoto_wa_Babati:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nipo mwaka wa tatu, nasoma Dar, nyumbani ni Babati. Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh, nilikuwa ndio kwanza nimeanza chuo. Binamu yangu alinipigia analia, anasema magogo na mawe yanapita katikati ya mji kama mto. Walikufa watu zaidi ya 80. Mimi nipo hosteli, nimeshika simu tu.

Wiki hiyo tulipita chumba kwa chumba tukakusanya nguo, tukajaza viroba 12. Tukavipeleka kwenye ofisi tuliyoelekezwa, tukaambiwa gari litapatikana. Mwezi wa pili nikaenda kuuliza, nikavikuta vimeegemezwa ukutani vile vile, na kamba nilizofunga kwa mkono wangu. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Sasa naomba ushauri. Hatuna fedha, hatuna gari, muda wetu ni Jumamosi na likizo. Tufanye nini ambacho kitamfikia mtu kweli? Au kazi yetu ni kusubiri maafa yatokee ndipo tukimbie?

Kizibao_Chekundu:
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni mjitoleaji wa Msalaba Mwekundu, huu mwaka wa tisa, na mara nyingi nimekuwa upande wa wanaopokea hivyo viroba. Nguo huja nyingi kuliko mikono ya kuzichambua. Unafungua kiroba unakuta koti la suti na kiatu cha mguu mmoja, na mbele yako amesimama mama aliyeokoka na kanga moja, anaomba pedi, chupi za watoto na sufuria. Siku nyingine ulizeni kwanza walioko kwenye eneo wanataka nini, ndipo mkusanye hicho hicho.

Usisubiri. Jiunge na tawi sasa hivi, mvua hazijaanza. Vyuo kadhaa vina klabu zetu, na kama chenu hakina, nenda ofisi ya mkoa. Utafundishwa huduma ya kwanza, na utafundishwa kuandikisha watu. Hili la pili vijana wanaliona dogo, kumbe ndilo linalorudisha mtoto kwa mama yake. Unakaa na daftari: jina lake, la baba, la babu, kijiji, nani alikuwa naye, mara ya mwisho alionekana wapi. Mzee aliyepoteza nyumba hawezi kukueleza vizuri kwa lugha ya shuleni. Wewe wa Babati, kama unaongea Kiiraqw, pale Katesh ungekuwa na kazi kutwa nzima.

Mpima_Mitaro:
Kuhusu kazi ya kabla, nikupe niliyoifanya mwenyewe. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria hapa Dar, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakichora ramani za kata zinazofurika pamoja na wenyeji. Mimi niliingia baadaye kidogo, nikiwa fildi. Kazi ni kutembea. Unaingia uchochoroni na simu, unaweka alama kila nyumba, kila mtaro, kila kalavati na kama limeziba.

Kuna nyumba moja Tandale, mzee alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye fremu ya mlango. Palikuwa na mstari wa tope lililokauka. Akasema, "Hapa ni Desemba 2011." Nikaweka futi kamba, ukanifika kifuani. Tulipokwenda jirani mstari ulikuwa chini zaidi, nyumba ya tatu hakuna kitu. Mistari ya namna hiyo, ikijumlishwa mtaa mzima, inakuonyesha maji yanapita wapi na watu wakimbilie wapi. Ramani zenyewe ziko wazi kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, na mpaka leo unaweza kuchora majengo ya kijiji chenu ukiwa hosteli. Anza na vitongoji vya chini ya mlima.

Mama_Kigogo:
Wanangu, nimesoma nimeona niseme. Mimi naishi karibu na mto Msimbazi hapa Dar miaka mingi. Wanafunzi wanakuja na karatasi za maswali, tunawajibu, wanaondoka na hatuwaoni tena. Ukija kwangu, nirudishie ulichokipata. Ile ramani ibandikeni ofisi ya serikali ya mtaa, hata mjumbe wangu asiyejua kompyuta aione.

Jambo jingine. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, kule Kisarawe. Kule mvua inanyesha, huku kwetu jua linawaka, mara maji hayo! TMA, wale wa hali ya hewa, wanatoa angalizo, lakini bibi wa nyumba ya nyuma hana simu ya kupokelea hizo taarifa, na mlemavu wa jirani yangu hawezi kubeba godoro peke yake. Wanafunzi kumi wakigawana nyumba, kila mmoja akajua wa kumgongea mlango, tumepona nusu. Hilo halina gari wala fedha.

Nesi_Mtarajiwa:
Naongeza suala la kuchangia damu. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, nilielewa kwamba inayomsaidia majeruhi saa ya kwanza ni ile iliyokwisha kupimwa ikakaa kwenye jokofu. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Chuo kikiweka siku zake kwenye kalenda, benki ya damu haitegemei huruma ya siku ya msiba.

Mtoto_wa_Babati:
Asanteni mno, nimeandika yote. Mama yangu, nikija na wenzangu kumi huko Kigogo, tutapokewa? Naogopa kuonekana tunaingilia kazi za watu.

Kizibao_Chekundu:
Usiogope. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeziweka kamati za maafa hadi ngazi za chini huko. Njooni na barua ya chuo, mjitambulishe kwa mwenyekiti, muombe kufanya kazi chini ya kamati. Siku ya tukio msijipeleke wenyewe kwenye maji. Ngojeni mpangiwe.

Mama_Kigogo:
Mwenyekiti nitamwambia mimi, mwanangu. Njooni Jumamosi saa mbili asubuhi, kuna mtaro nyuma ya soko tunauzibua kabla ya masika. Mje na gambuti, mle ndani kuna chupa zilizovunjika. Chai ipo.